Neno Lisizame: Kuchanganya Sauti na Mwanamuziki Anayejitegemea



Swali nililopewa ni hili. Mwanamuziki asiye na lebo wala mfadhili, anayejilipia kila kitu, ana sababu gani ya kumlipa fundi mwingine amchanganyie sauti za wimbo wake, ilhali prodyuza wake ana kompyuta na programu zote? Nalijibu mapema ili msikae mkikisia. Sababu ipo, na ya kwanza ni maneno. Muziki wetu, tangu taarabu ya Unguja na Mombasa hadi dansi na Bongo Fleva, ni muziki wa watu wanaosikiliza kinachosemwa. Msikilizaji wetu husamehe gita lililolegea kidogo. Husamehe hata ngoma iliyochelewa. Mwimbaji ambaye hajulikani anasema nini hamsamehi. Anabadilisha wimbo, na hana kosa.

Kwa wazazi mliopo hapa, nieleze kwa ufupi kazi yenyewe ni ipi. Wimbo wa siku hizi haurekodiwi kwa mkupuo mmoja. Ngoma zinakaa kwenye traki zake, besi yake, kinanda chake, sauti ya mwimbaji yake, waitikiaji zao, na kwa urahisi traki zinafika 40 au 60. Mchanganyaji ndiye anayeamua nani asikike kwa kiasi gani, akae kulia, kushoto au katikati, awe karibu na sikio au mbali, na hayo yote yabadilike vipi kutoka ubeti hadi kiitikio. Mwisho anazifanya traki zote kuwa mbili tu, kulia na kushoto. Baada yake huja kazi ndogo zaidi, ya kupiga masta, ambayo ni ukaguzi wa mwisho kabla wimbo haujatoka. Mimi leo naisemea hiyo ya kwanza.

Sasa tazameni bajeti ya wimbo inavyogawanywa mitaani kwetu. Kijana ananunua biti. Anaingiza voko kwa saa mbili, pengine moja. Fedha iliyobaki yote inakwenda kwenye video: gari la kukodi, mavazi, mahali pa kupigia picha. Miksi haina fungu lake. Inaitwa kumalizia, na anayemalizia ni prodyuza yule yule, usiku ule ule, masikio yakiwa yamechoka tangu mchana na mteja mwingine anasubiri nje kwenye benchi. Simlaumu prodyuza huyo hata kidogo. Amelipwa kwa kazi moja, akafanya tatu. Ninachosikitikia ni ule wimbo, kwa sababu video itatazamwa majuma machache, lakini sauti ndiyo itakayopigwa redioni, kwenye bajaji, harusini na saluni kwa miaka.

Ili tuelewe tumefikaje hapa, inabidi turudi nyuma. Kwa miaka mingi bendi za Tanzania Bara zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo leo tunaiita Msondo Ngoma, ilipita pale. DDC Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyozaliwa mwaka 1978, ilipita pale. Maikrofoni zilikuwa chache, na bendi ilipiga wimbo mzima kwa pamoja huku mkanda unazunguka. Katika kurekodi kwa namna ile, fundi mitambo humaliza sehemu kubwa ya kazi kabla hata ya kubonyeza kitufe: tarumbeta zirudi nyuma hatua mbili, mwimbaji asogee mbele, amplifaya ya besi igeuzwe kidogo isiingie kwenye maiki ya sauti. Kinachoingia kwenye mkanda ndicho kitakachobaki. Hakuna kurekebisha kesho.

Lakini nataka mnielewe vizuri hapa, maana ndipo ilipo hoja yangu. Mchanganyaji mkuu wa nyimbo zile alikuwa bendi yenyewe. Chukueni rekodi yoyote ya Sikinde ya miaka ya 1980, mketi chini, muisikilize kwa makini. Gita la solo lina mahali pake juu. Rithimu inakwenda katikati, haipandi kule kwa solo. Besi inatembea chini na kuacha nafasi kwa tumba. Mwimbaji akianza ubeti, solo linanyamaza au linapiga noti mbili tatu za pembeni. Akimaliza mstari, ndipo linapojibu. Tarumbeta zinangoja zamu yao. Hakuna fundi aliyewapangia mpangilio ule kwa mashine. Wanamuziki wale walikuwa wameupiga wimbo huo ukumbini usiku baada ya usiku, mbele ya watu, na kila mmoja alikuwa amejifunza kumpisha mwenzake. Walipofika studio, wimbo ulikuwa umeshachanganywa.

Miaka ya 1990 studio binafsi zikachipuka Dar es Salaam. Tukapata MJ Records ya Master J, tukapata Bongo Records ya P-Funk Majani, na kizazi kipya kikapata sauti yake. Kompyuta ikaingia. Mwaka 1997 ikatoka programu iliyoitwa FruityLoops, ambayo sasa inaitwa FL Studio, na leo ukifungua mlango wa chumba cha kurekodi uswahilini una uhakika mkubwa wa kuikuta kwenye kioo. Hayo yote ni maendeleo, na mimi nimekula chakula changu humo. Lakini jambo moja liliondoka pamoja na bendi bila mtu kuliaga: kule kupishana. Kinanda cha kompyuta hakimsikilizi mwimbaji. Biti iliyonunuliwa mtandaoni ilitengenezwa na mtu ambaye hajui wewe utaimba juu ya nini, kwa sauti nene au nyembamba, na kwa hiyo amejaza kila nafasi ili biti ivutie mnunuzi. Halafu unakuja wewe na maneno yako na kukuta viti vyote vimekaliwa.

Hii ndiyo sababu nasema anayejitegemea anamhitaji mchanganyaji kuliko hata bendi zile zilivyomhitaji. Yeye yuko peke yake. Kazi iliyofanywa zamani na watu kumi na wawili waliofahamiana, leo imeachwa bila mwenyewe, na mtu mmoja lazima aifanye kwa makusudi.

Kwa nini sauti zinazamishana? Sikio la binadamu kijana husikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde, yaani hezi 20, hadi hezi 20,000. Waya mnene wa gita la besi hutoa kama hezi 41. Ngoma kubwa hupiga kwa nguvu kati ya 50 na 100. Sauti ya mwanaume huanzia karibu na 85, ya mwanamke juu yake, lakini usikivu wa maneno hauko huko chini. Uko juu zaidi, kati ya hezi 2,000 na 5,000, ambako konsonanti zinatofautiana, na ndiko sikio letu lilikojaliwa wepesi kuliko kwingine kote. Tatizo ni kwamba gita la umeme, kinanda kikali, mlio wa makofi na matoazi navyo vinapenda kukaa huko huko. Sauti mbili zikigombania eneo moja, yenye nguvu inaifunika nyingine, na ile iliyofunikwa haisikiki kwa udogo, haisikiki kabisa. Ni kama baraza lenye watu kumi wanaozungumza kwa mpigo: anayesema polepole kwa hekima hapati msikilizaji, hata awe na jambo gani.

Kwetu hasara hiyo ni kubwa kuliko tunavyodhani, kwa jinsi Kiswahili kilivyojengwa. Tunabeba mambo mazito kwenye silabi ndogo. Alinipenda, atanipenda: silabi moja ndiyo inayomtenga aliyepita na anayekuja. Kuna hata kidogo kuliko silabi. Mtu anaimba "hatarudi". Herufi ile ya mwanzo ni pumzi tu, haina mlio wa koo. Fundi asiye makini anaweka mtambo wa kukata kelele kati ya mistari, mtambo unaidhania pumzi ile kuwa kelele, unaikata, na msikilizaji anasikia "atarudi". Wimbo wa msiba umekuwa wimbo wa matumaini. Mwimbaji hakukosea. Mtunzi hakukosea. Nimeyasikia haya kwenye nyimbo zinazopigwa redioni, na kila mara moyo unaniuma kwa ajili ya aliyekaa usiku kucha kutafuta neno lile.

Basi mchanganyaji mzuri wa nyimbo za Kiswahili anafanya nini? Huanza na jambo ambalo halihitaji mtambo wa gharama: kupandisha na kushusha. Anaziweka traki zote kimya, anaanza na sauti na ngoma, halafu anaruhusu vingine viingie kimoja kimoja, na kila kinachoingia kinaulizwa kinasaidia nini. Mara nyingi kinanda kizima kinatolewa kwenye ubeti na kurudishwa kwenye kiitikio, na mwenye wimbo anashangaa kwamba kiitikio kimekuwa kikubwa bila kuongezwa kitu. Baada ya hapo huja ekwalaiza. Anapunguza mvumo wa chini kwenye traki ambazo hazina kazi huko chini, ili besi ipumue. Anachonga gita kidogo pale konsonanti za mwimbaji zinapokaa. Kompresa nayo inasogeza karibu maneno yaliyotamkwa kwa unyonge na yale yaliyopigiwa kelele. Kisha inakuja kazi ya uvumilivu, ambayo ndiyo ninayoithamini kuliko zote: kupita mstari kwa mstari na kuinua kwa mkono silabi zilizozama. Kuinua "ha" ya "hatarudi" kwa desibeli mbili. Kushusha "s" inayochoma. Wimbo wa dakika tatu na nusu unaweza kuchukua siku nzima kwa kazi hii moja. Hakuna atakayekuja kukupongeza kwa silabi uliyoinua. Watu watasema tu kwamba mwimbaji yule anatamka vizuri.

Niongeze hapa jambo la sikio lenyewe, maana linawadanganya wengi. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Bell Labs huko Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sikio halisikii ngazi zote kwa usawa, na kwamba kutokuwa sawa huko hubadilika kwa kadiri ya ukubwa wa sauti. Ukisikiliza kwa sauti ya chini, besi inapotea. Ukiongeza sauti, besi inapanda haraka kuliko vingine. Kijana anayechanganya usiku kucha spika zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho anaona besi imejaa na kila kitu kitamu. Asubuhi anausikia wimbo ule ule kwenye simu na hauna mwili. Mafundi waliokomaa husikiliza kwa sauti ya chini muda mwingi, ile inayoruhusu watu kuzungumza chumbani, na kufungua kwa muda mfupi tu.

Na simu hiyo ndiyo ukumbi wetu mkubwa. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa noti za chini za besi. Sehemu kubwa ya chini ya hezi 200 inapotea au inadhoofika sana. Kwa bahati njema, ubongo una uwezo wa kuikisia noti ya chini ukisikia sauti ndugu zake za juu. Kwa hiyo mchanganyaji huichafua besi kidogo kwa makusudi, ianze kutoa milio ya juu yake, na msikilizaji wa simu anaisikia besi ambayo spika yake haikuitoa. Wakati huo huo wimbo huo huo utapigwa kwenye sabufa ya sebuleni Mbagala, ambako chini kunatetemesha vikombe, na utapigwa kwenye daladala ambayo spika moja imekufa. Kuutengeneza wimbo ukakubali kote huko ni ujuzi unaokuja kwa miaka ya kusikiliza.

Spika moja. Hapa naomba tukae kidogo. Alinijia kijana mmoja, mwimbaji mwenye kipaji cha kweli, akiwa na wimbo uliokuwa tayari umetoka. Malalamiko yake: marafiki zake wanamwambia kiitikio hakisikiki, na yeye kwenye hedifoni anakisikia kimejaa mpaka nyuma ya kichwa. Tukausikiliza kwenye hedifoni. Alikuwa na haki. Tukausikiliza kwenye spika moja ya blututhi. Marafiki zake nao walikuwa na haki. Ubeti ulikuwapo, ngoma zilikuwapo, na waitikiaji wake wote wameyeyuka. Sababu ni ya kifizikia. Aliyetengeneza alichukua traki moja ya kiitikio, akainakili, akaigeuza nakala hiyo kichwa chini miguu juu, akaweka moja kulia na nyingine kushoto. Kwenye hedifoni hilo hutoa upana wa ajabu. Lakini kulia na kushoto zikikutana kwenye spika moja, wimbi linalopanda linakutana na pacha wake anayeshuka, na jumla yake ni sifuri. Redio ya FM ikipokewa kwa shida nayo hurudi kwenye sauti moja, na kumbi nyingi mitambo yake imeunganishwa hivyo hivyo. Kwa hiyo kila mahali ambapo watu walikuwa wengi, kiitikio chake hakikuwapo. Dawa yake ilikuwa rahisi: aliimba upya mara mbili, kwa pumzi mbili tofauti. Binadamu hawezi kuimba mstari mmoja sawasawa kabisa mara mbili, na tofauti hizo ndogo zinatoa upana usiouana.

Kuhusu kelele nitapita haraka. Wengi mnadai wimbo upigwe masta mpaka uwe mkubwa kuliko wa jirani. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa kanuni ya kupima ukubwa wa sauti kwa jinsi sikio linavyousikia, na kipimo hicho tunakiita LUFS. Spotify, iliyofika Tanzania, Kenya na Uganda mwezi wa Februari 2021, huzisawazisha nyimbo zote kwenye kiasi cha LUFS -14 kwa kawaida yake. Ukipeleka wimbo uliobanwa mpaka -7, mtambo unaushusha kwa desibeli 7. Ukubwa ulioulipia unaondolewa, na unachobaki nacho ni ule mbano: ngoma butu, sauti iliyochubuka. YouTube nayo huzishusha nyimbo kubwa. Fedha na sifa za kelele zilikwisha. Ni vizuri mlijue hilo kabla hamjamlazimisha fundi aharibu kazi yake.

Nije kwenye lile ambalo prodyuza wenu, hata awe bingwa, hawezi kuwapa: sikio jipya. Mwenye wimbo hawezi kupima kama maneno yake yanasikika, kwa sababu anayajua. Ubongo wake unajaza neno hata likiwa halipo. Prodyuza naye ameyasikia mara mia wakati wa kurekodi, naye anayajua. Mko wawili mnaosikiliza wimbo uliomo vichwani mwenu. Hata wakubwa wa kazi hii walikumbana na hali hiyo. Bruce Swedien, fundi aliyechanganya albamu ya Michael Jackson ya mwaka 1982, Thriller, alisimulia kwamba "Billie Jean" aliuchanganya mara 91, na wimbo uliotoka hatimaye ulikuwa mchanganyo wa 2. Mtu wa kiwango kile, mwenye studio ile, alihitaji kurudishwa nyuma na masikio ya wenzake.

Kuna kipimo ambacho hakiwagharimu hata senti. Mtafuteni shangazi, au jirani, mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo wenu. Mchezesheeni mara moja kwenye simu yake, sauti ya kawaida, halafu mwombeni arudie mistari aliyoisikia. Msimsaidie. Pale anapokwama ndipo penye kazi. Mimi nakiamini kipimo hicho kuliko mitambo yangu yote.

Najua yupo anayetaka kunikatiza na kuniuliza kuhusu singeli. Ana haki ya kuuliza. Muziki ule ulizaliwa kwenye vyumba vidogo vya uswahilini, kwa kompyuta za kawaida, kasi inapita mapigo 200 kwa dakika, sauti imechanika makusudi. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyo wa studio ya Sisso ya Mburahati, na dunia ikasikiliza. Hakuna aliyewasafishia. Nami nasema wasisafishwe! Ukali ule ndio lugha yenyewe ya singeli, na fundi atakayeilainisha atakuwa ameiua. Lakini sikilizeni tena rekodi zile. Ngoma na kinanda vimepangwa kwa namna ambayo haichoshi sikio la mchezaji, na msemaji akishika maiki anapewa njia. Aliyezitengeneza alijua anachokitaka. Kuchanganya hakuna sura moja. Taarabu nayo ina sheria zake: ukimvuta mwimbaji mbele na kuzika fidla na qanuni nyuma yake, kama inavyofanywa kwenye nyimbo za klabu, umeuvunja mjadala kati ya sauti na ala, ambao wazee wa kikundi cha Ikhwani Safaa cha Unguja wameulea tangu mwaka 1905.

Wala mitambo ya bei kubwa siyo sharti. King Tubby, fundi wa redio na amplifaya huko Kingston, Jamaika, alifanya kazi yake nyumbani mtaa wa Waterhouse miaka ya 1970 akiwa na traki nne tu za kuchezea. Kwa kufungua na kufunga traki hizo, kwa mwangwi na ukimya, aliupa ulimwengu muziki wa dabu. Yule alikuwa anapiga meza ya kuchanganyia kwa ufundi ule ule wa mpiga kinanda. Mkiwa na fundi wa namna hiyo mtaani kwenu, mwenye laptopu moja na spika mbili anazozifahamu vizuri, mpeni kazi. Zile huduma za intaneti zinazopokea wimbo na kuurudisha baada ya dakika chache zinaweza kusawazisha ukubwa. Haziwezi kujua kama ulikusudia "hatarudi" au "atarudi".

Ni nini basi ambacho anayejitegemea anapaswa kukifanya kabla ya kufungua pochi? Kwanza arekodi vizuri, maana mchanganyaji hageuzi maji kuwa maziwa. Zima feni. Zima kiyoyozi. Ngoja mvua iishe kwenye bati. Tundika godoro au vitenge vizito nyuma ya mwimbaji, sauti isirudi kutoka ukutani, kwa sababu mwangwi wa chumba tupu ukishaingia kwenye traki hautoki. Usiimbe kwa nguvu mpaka taa nyekundu iwake. Acha kilele kifike karibu desibeli -6 na kubaki na nafasi.

Halafu, na hili nawasihi sana, chukua faili zako. Kila traki peke yake, WAV, biti 24, zote zikianzia mwanzo wa wimbo ili zipangike. Nimewaona vijana wakipoteza albamu nzima kwa sababu kompyuta ya prodyuza iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Sauti yako ya mwaka ule hairudi tena. Weka nakala kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Kwa mchanganyaji, agiza tangu mwanzo wimbo kamili, wimbo usio na sauti ya mwimbaji kwa ajili ya jukwaani na runinga, na sauti peke yake. Kuzitoa siku hiyo hiyo ni kazi ya dakika. Kuziomba baada ya miaka miwili, wakati programu imebadilika na nusu ya vifaa vyake havifunguki, ni kazi isiyowezekana. Andikianeni bei, idadi ya marekebisho na tarehe, hata kama ni ujumbe wa simu. Na jina lake liandikwe kwenye wimbo. Majukwaa ya muziki yana sehemu ya kuandika aliyechanganya, na kwetu sehemu hiyo mara nyingi huachwa tupu.

Kama fedha haitoshi nyimbo kumi, usiigawe kumi. Chagua tatu zilizobeba maneno mazito zaidi na uzilipie kikamilifu. Tuseme una shilingi milioni moja kwa ajili ya wimbo mmoja na video yake: afadhali upige picha kwa simu ya rafiki, ukiwa kwenu, kwa mwanga wa jioni, na wimbo uwe umesimama.

Nimalizie na mafundi wenzangu. Ombeni maneno ya wimbo yaliyoandikwa kabla hamjagusa traki hata moja. Mimi sianzi bila hayo. Siku za karibuni mwimbaji mmoja, dada mwenye sauti nzito nzuri, aliona namsumbua. Alisema maneno yapo kichwani. Nikamwomba aandike hivyo hivyo. Mstari wa tatu wa kiitikio ulikuwa umenitesa, sauti yake ya kulia na ya kushoto zilikataa kukaa pamoja, na nilikuwa nimeanza kuhangaika na mitambo. Alipofika kwenye mstari huo kalamu ikasimama. Upande mmoja alikuwa ameimba "tulikuwa", upande wa pili "tungekuwa", na hakuwa ameamua kama mapenzi yale yalikuwapo kweli au aliyatamani tu. Alitoka nje, akakaa barazani karibu nusu saa. Aliporudi alisimama kwenye maiki, akaimba "tungekuwa" mara mbili, na miksi tukaimaliza jioni ile ile.